Si Kila Kikohozi Sugu ni Kifua Kikuu: Namna ya Kutambua Magonjwa ya Kuta za Vifuko vya Hewa

Tuchukue mfano wa mtu mmoja. Umri wake ni miaka 48, anaishi kijijini, analima mahindi na pamba. Kwa muda wa miaka miwili amekuwa na kikohozi kikavu, na sasa hawezi kupanda kilima cha kwenda shambani bila kusimama mara tatu. Akiwa ameketi barazani kwake huzungumza na kucheka kama watu wengine. Hospitalini makohozi yake yalipimwa, na vimelea vya kifua kikuu havikuonekana. Hata hivyo, kwa kuwa picha ya eksirei ilikuwa na madoa, alianzishiwa dawa za kifua kikuu. Alizimeza kwa miezi 6 bila kukosa siku hata moja. Hakupata nafuu. Akaanzishiwa tena.

Mtu huyu ni wa kubuni, lakini wafanyakazi wengi wa afya watamtambua. Katika nchi ambamo kifua kikuu ni kingi, kukishuku kwanza ni jambo la busara, na makala haya hayakusudii kumwondolea mtu yeyote tahadhari hiyo. Kosa huanza pale uchunguzi unapokoma baada ya shaka ya kwanza. Liko kundi kubwa la magonjwa, zaidi ya 200 kwa idadi, ambayo hushambulia sehemu ya pafu isiyozungumzwa sana madarasani, nayo ni ukuta uliopo kati ya hewa na damu. Katika makala haya tutayaita magonjwa ya kuta za vifuko vya hewa. Tutaeleza jinsi yanavyotambuliwa, na kwa nini hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuyatambua peke yake.

Ukuta mwembamba kuliko karatasi

Mwanafunzi wa biolojia anajua kwamba hewa hupita puani, ikashuka katika koo la hewa, ikagawanyika katika matawi madogo zaidi na zaidi, mpaka ikafika katika vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni kati ya milioni 300 na milioni 500. Kuta zake zote zikitandazwa, eneo lake hukaribia mita za mraba 70, yaani sawa na sakafu ya darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 7.

Unene wa ukuta unaotenga hewa na damu ni kama nusu ya mikromita, na mahali pengine hupungua hata chini ya hapo. Karatasi ya daftari ina unene wa mikromita 100 hivi. Ili kupata wembamba wa ukuta huo ingekupasa uipasue karatasi hiyo kufuata bapa lake mara 200. Ndani ya ukuta huo mna mishipa midogo kabisa ya damu, yaani kapilari, pamoja na nyuzi chache za kuushikilia.

Mwaka 1855 mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick alieleza kanuni ya mtawanyiko. Kwa upande wa mapafu twaweza kuieleza hivi: kiasi cha oksijeni kinachopita ukutani kwa dakika huongezeka eneo la ukuta linapoongezeka, huongezeka tofauti ya kanieneo ya oksijeni kati ya pande mbili inapoongezeka, na hupungua unene wa ukuta unapoongezeka. Magonjwa tunayoyazungumzia huharibu mambo mawili kwa pamoja. Kwanza ukuta huvimba, kisha hujaa makovu, na hivyo unene huongezeka. Baadaye vifuko vingi hufungwa au kuharibika, na hivyo eneo hupungua. Makovu hayo huitwa fibrosisi. Tofauti na uvimbe, ambao mara nyingi huweza kutulizwa, kovu likishakomaa halirudi kuwa ukuta laini.

Kwa nini mgonjwa huhema akipanda kilima tu

Chembe nyekundu ya damu hupita katika kapilari ya kifuko cha hewa kwa muda wa robo tatu ya sekunde, yaani sekunde 0.75, mtu akiwa amepumzika. Kwa mtu mwenye afya, sekunde 0.25 za kwanza zatosha kuijaza oksijeni. Muda uliobaki ni akiba.

Fikiria basi linalosimama kituoni kwa dakika 45, na abiria wote huweza kupanda kwa dakika 15. Mlango wa basi ukisongwa na mizigo, abiria watachukua dakika 40 kupanda, lakini basi litaondoka limejaa vilevile, na mtazamaji hataona kasoro yoyote. Sasa fikiria siku ambayo dereva ana haraka na anasimama kwa dakika 15 tu. Siku hiyo basi litaondoka na viti vitupu.

Mtu akipanda kilima, moyo husukuma damu kwa kasi, na muda wa chembe kupita katika kapilari hupungua hata kufikia sekunde 0.25. Mwenye afya bado anatosheka. Mwenye ukuta mnene hana tena akiba, na oksijeni katika damu yake hushuka. Hii ndiyo sababu mgonjwa wetu anacheka barazani lakini anasimama mara tatu njiani. Na hii ndiyo sababu mganga anayemchunguza mgonjwa huyo akiwa ameketi kitini tu anaweza kumrudisha nyumbani akisema hana neno.

Kutokana na elimu hiyo kimepatikana kipimo rahisi. Mgonjwa huvishwa kidoleni kifaa kiitwacho oksimita, hutembea kwa dakika 6 mahali tambarare, na kiwango cha oksijeni husomwa kabla ya mwendo, wakati wa mwendo na baada yake. Msingi wa oksimita hiyo uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Hutumia miali miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa infraredi, kwa sababu hemoglobini yenye oksijeni na isiyo na oksijeni hazifyonzi miali hiyo kwa kiasi kimoja. Walimu wa fizikia wataona hapo somo zuri. Wataona pia onyo, kwani imethibitika kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kusoma kiwango kilicho juu kidogo kuliko ukweli. Basi namba nzuri isimfanye mganga aache kumwamini mgonjwa anayesema anakosa pumzi.

Swali la kwanza: "Unafanya kazi gani?"

Mwaka 1700 mganga wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Humo aliwashauri waganga waongeze swali moja katika yale waliyorithi tangu enzi za Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani? Katika magonjwa ya kuta za vifuko vya hewa swali hilo bado lina thamani kuliko mashine nyingi. Lakini lazima liulizwe kwa ukamilifu. Sikiliza mazungumzo haya:

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mkulima."

"Na kabla ya ukulima?"

"Nilikuwa mgodini, nikichoronga miamba."

"Kwa muda gani?"

"Miaka 14."

Aliyeishia kwenye jibu la kwanza aliandika "mkulima", na ugonjwa ukaendelea kujificha. Miamba mingi, kama ile ya matale, ina madini ya kwazi, ambayo ni silika. Mashine ikichoronga mwamba mkavu hutoa vumbi, na punje za vumbi hilo zenye kipenyo cha chini ya mikromita 5 hivi hufika mpaka ndani ya vifuko. Chembe za ulinzi huzimeza, lakini haziwezi kuziyeyusha. Chembe hizo huumia na kufa, hutoa kemikali za kuamsha uvimbe, na kovu huanza kujengeka. Ugonjwa huo ndio silikosisi, na mara nyingi hujitokeza miaka 10 au zaidi baada ya kuanza kuvuta vumbi, pengine baada ya mtu kuacha kazi.

Maswali mengine yanayopasa kuulizwa ni haya:

1. Je, amewahi kufanya kazi na asbesto, kama vile kukata mabati ya saruji yenye asbesto au kufunika mabomba ya mvuke? Nyuzi zake huleta asbestosisi.

2. Je, anafuga njiwa au kuku, au hushughulika na majani makavu na nafaka zilizoota ukungu? Baadhi ya watu miili yao huchukizwa na vumbi la manyoya, kinyesi cha ndege au ukungu. Huko Uingereza, mwaka 1932, J. M. Campbell alieleza ugonjwa wa aina hiyo kwa wakulima waliovuta vumbi la majani yaliyooza. Ukigunduliwa mapema, kumwondoa mtu penye kisababishi huenda kukatosha kumponya.

3. Je, anapikia wapi, na kwa nishati gani? Mwaka 1991 madaktari Grobbelaar na Bateman walieleza ugonjwa wa mapafu kwa wanawake wa vijijini huko Transkei, Afrika Kusini, waliovuta moshi wa kuni ndani ya nyumba na vumbi la mawe ya kusagia mahindi. Wanawake hao hawakuwahi kuingia mgodini. Mgodi wao ulikuwa jikoni.

4. Anatumia dawa gani? Nitrofurantoini ya njia ya mkojo, amiodaroni ya moyo, methotreksati na bleomisini, zote huweza kudhuru kuta za vifuko kwa baadhi ya wagonjwa.

5. Je, viungo vyake huvimba na kuuma, au ngozi ya vidole imekakamaa? Magonjwa ambamo mwili hujishambulia wenyewe, kama baridi yabisi ya viungo, huweza kuanza au kujionyesha mapafuni.

Ikiwa maswali na vipimo vyote havikutoa chanzo, na picha za pafu zina sura maalumu tutakayoitaja, ugonjwa huitwa fibrosisi ya mapafu isiyojulikana chanzo. Huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 60.

Sikio na vidole

Mwaka 1816 Mfaransa René Laennec alibuni stetoskopu, yaani chombo cha kusikilizia kifua. Mganga akikiweka chini ya mgongo wa mgonjwa mwenye makovu mapafuni, kila mgonjwa anapovuta pumzi kwa nguvu husikia mlio mwembamba wa kupasukapasuka, mfano wa chumvi ya mawe iliyotupwa katika kikaango cha moto. Ni mlio wa njia ndogo za hewa zilizojifunga zikifunguka kwa ghafla. Katika silikosisi mlio huo huenda usisikike, lakini katika fibrosisi isiyojulikana chanzo husikika kwa wagonjwa walio wengi, hata kabla picha ya kawaida haijaonyesha kitu.

Vidole navyo husema. Katika baadhi ya magonjwa haya ncha za vidole huvimba kama rungu. Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, alieleza mwaka 1976 jaribio alilolifanya juu ya vidole vyake mwenyewe alipokuwa mgonjwa: weka kucha za vidole viwili vya shahada zikitazamana, mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida huonekana tundu dogo lenye umbo la almasi. Vidole vikiwa vimevimba, tundu hilo hutoweka. Dalili hii haithibitishi ugonjwa mmoja, maana huonekana pia katika saratani ya mapafu na baadhi ya magonjwa ya moyo, lakini haipasi kupuuzwa.

Kupima pumzi

Mwaka 1846 Mwingereza John Hutchinson alieleza spirometa, chombo cha kupimia kiasi cha hewa ambacho mtu aweza kukitoa. Siku hizi mgonjwa huvuta hewa yote awezayo, kisha huipuliza kwa nguvu. Hupimwa jumla ya hewa iliyotoka, na sehemu iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Tazama mfano huu wa watu watatu wenye umri na kimo sawa:

Mwenye afya: jumla lita 4.0, sekunde ya kwanza lita 3.2, uwiano asilimia 80.

Mwenye pumu: jumla lita 3.6, sekunde ya kwanza lita 1.8, uwiano asilimia 50.

Mwenye makovu mapafuni: jumla lita 2.0, sekunde ya kwanza lita 1.8, uwiano asilimia 90.

Mtu wa pili na wa tatu wametoa kiasi kilekile katika sekunde ya kwanza, lakini kwa sababu tofauti kabisa. Wa pili njia zake zimebana, hewa yake hutoka polepole. Wa tatu njia zake ziko wazi, lakini pafu lenyewe limekuwa gumu na dogo, mithili ya mpira mkukuu uliokakamaa, usiokubali kujazwa. Dawa ya kupanua njia za hewa itamsaidia wa pili. Kwa wa tatu haitafungua kitu.

Kipimo kingine hupima ukuta wenyewe. Ulipatikana utaratibu wa kutumia kabonimonoksaidi, kutokana na kazi ya Marie Krogh wa Denmark iliyotolewa mwaka 1915. Wanafunzi wanaijua hewa hiyo kuwa ni sumu kwa sababu hushikamana na hemoglobini mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoifanya ifae, maana ikishavuka ukuta hunaswa mara moja. Mgonjwa huvuta kiasi kidogo sana kisichodhuru, hushikilia pumzi kwa sekunde 10, kisha huitoa. Kiasi kilichopungua ndicho kilichovuka ukuta.

Picha za ndani

Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hulaza pafu lote katika kivuli kimoja. Madoa ya kifua kikuu kilichopona, ya silikosisi na ya magonjwa mengine huweza kufanana, na eksirei huweza kuonekana safi ilhali ugonjwa umekwisha kuanza. Mashine ya kupiga picha kwa vipande kwa msaada wa kompyuta, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1971, iliondoa sehemu kubwa ya kikwazo hicho. Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979. Mashine hiyo hukata pafu kwa picha, kama mtu akatavyo mkate, katika vipande vya unene wa milimita 1 hivi.

Mtaalamu wa picha hutafuta sura. Mahali palipofifia kama kioo chenye umande huweza kuwa na uvimbe ambao bado unatibika. Matundu yaliyopangana kama sega la nyuki ni makovu ya kudumu. Yakiwa chini na pembezoni mwa mapafu, huelekeza kwenye fibrosisi isiyojulikana chanzo. Vinundu vidogo vingi sehemu ya juu, kwa mtu aliyevuta vumbi la mwamba, huelekeza kwenye silikosisi.

Ikiwa bado pana shaka, mapafu huweza kusafishwa kwa maji ya chumvi kupitia mrija maalumu ili chembe zilizomo zichunguzwe, au kipande kidogo cha pafu huchukuliwa na kutazamwa kwa darubini. Kuchukua kipande kuna hatari, hasa kwa mgonjwa aliyekwisha kudhoofika, na hakufanywi pale ambapo ushahidi mwingine unatosha.

Kuunganisha ushahidi

Mtu angedhani kwamba darubini ndiyo hakimu wa mwisho. Sivyo. Kovu la aina moja laweza kuletwa na vumbi, na dawa, au na baridi yabisi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 vyama vya wataalamu wa mapafu vya Marekani na Ulaya vilikubaliana kwamba utambuzi ufanywe kwa pamoja na daktari aliyemwona mgonjwa, mtaalamu wa picha na mtaalamu wa tishu.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliruhusiwa kuketi pembeni katika kikao cha namna hiyo. Mtaalamu wa picha alisema jambo moja, mtaalamu wa tishu akasema lingine, na saa nzima ikapita. Ndipo muuguzi mmoja akasema kwamba mke wa mgonjwa alikuwa amemtajia banda la njiwa lililo nyuma ya nyumba. Vielelezo vyote vilivyokuwa mezani vikapata maana mara moja. Sijasahau kwamba neno lililokosekana halikutoka katika mashine yoyote.

Jina la ugonjwa lina faida gani?

Wapo wasemao kwamba, madhali makovu hayaponi, hakuna haja ya kujisumbua kutafuta jina. Historia yakataa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa fibrosisi isiyojulikana chanzo walipewa mseto wa dawa tatu, zikiwemo predinisoni na azathioprini, za kutuliza uvimbe. Ilionekana ni busara. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani: kati ya wagonjwa 77 waliopewa mseto huo walifariki 8, kati ya wagonjwa 78 waliopewa vidonge visivyo na dawa alifariki 1. Dawa zilezile za kutuliza uvimbe, katika ugonjwa mwingine wa ukuta uleule, huweza kumwokoa mtu. Na akipewa mtu mwenye kifua kikuu kisichogunduliwa, huweza kukichochea. Mwaka 2014 ziliidhinishwa Marekani dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu, zinazopunguza kasi ya makovu ya fibrosisi isiyojulikana chanzo, ingawa haziyaondoi.

Tumrudie mgonjwa wetu

Mchorongaji wetu wa zamani ana silikosisi. Hakuna dawa ya kuyaondoa makovu yake. Lakini utambuzi umeleta mambo matatu. Kwanza, ataacha kumeza dawa asizozihitaji. Pili, ataendelea kupimwa makohozi kila dalili zikibadilika, kwa sababu silika hudhoofisha ulinzi wa mapafu, na wenye silikosisi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Ugonjwa mmoja haumfukuzi mwenziwe. Tatu, na hili ndilo kubwa, wako wenzake wanaochoronga mwamba huohuo leo. Kuunyunyizia mwamba maji wakati wa kuchoronga, kupitisha hewa safi mgodini na kuvaa barakoa zinazofaa hupunguza vumbi kabla halijafika mapafuni. Mgonjwa mmoja akiandikwa "kifua kikuu" kwa makosa, mgodi mzima hukosa onyo.

Mwalimu anayefundisha sura ya upumuaji anaweza kuwa mwanzo wa onyo hilo, hasa pale ambapo wazazi wa wanafunzi wake hupasua mawe au hupika katika nyumba isiyo na dirisha.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa kutumia kanuni ya Fick, eleza nini kitatokea iwapo unene wa ukuta utaongezeka mara mbili na eneo likapungua kwa nusu, mambo mengine yakibaki yalivyo.

2. Mtu ana jumla ya hewa lita 2.5, na sekunde ya kwanza lita 2.2. Kokotoa uwiano. Je, hali yake inafanana zaidi na pumu au na makovu ya mapafu?

3. Kwa nini kipimo cha oksijeni wakati wa kupumzika hakitoshi?

4. Orodhesheni kazi zote zenye vumbi au moshi katika eneo la shule yenu. Kwa kila kazi, pendekezeni njia moja ya kupunguza vumbi au moshi huo penye chanzo chake.